Mwaka wa Maji ya Ndizi

Tulikuwa tumekaa mkekani nyuma ya nyumba, pale Mnyuzi, wanawake zaidi ya kumi, tunachambua mchele wa msiba, nilipomsikia mmoja aliyenipa mgongo akimwambia mwenzake, "Huyu si ndiye aliyemnywesha mumewe maji ya ndizi mpaka akafa?" Mwenzake akaguna, akatupa kijiwe pembeni, akasema, "Ndiye. Tumwombee tu." Marehemu mwenyewe alikuwa ndani, anaoshwa. Nilisikia maji yakimwagika kwenye beseni upande wa pili wa ukuta. Miaka kumi na minane tangu amzike mumewe! Mwanamke amezaa, amelima, ameuguza, amezika, amesomesha mtoto peke yake, na siku anayotoka duniani kijiji kinamkumbuka kwa kikombe kimoja. Ningependa kuandika kwamba niliwageukia wale kina mama nikawapa vidonge vyao palepale. Sikuwageukia, maana maneno yale nilikuwa nayajua kuliko wao. Yalipita mikononi mwangu kabla hayajafika vinywani mwao. Kwa hiyo nauandika mwaka ule kama ulivyokuwa, na nikipandisha hasira njiani nivumiliwe, kwani sehemu kubwa ya hasira hiyo inanihusu mimi mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mradi mmoja ulikuja kutafuta vijana wa kuwatembelea wagonjwa wa figo majumbani, wale ambao figo zao zilikuwa zimebakiza nguvu kidogo sana, na mimi nikachukuliwa. Tulifundishwa siku tisa Handeni mjini, kwenye chumba chenye viti vya plastiki na feni ambalo sikuwahi kuliona likizunguka. Saa nne tulipewa chai ya maziwa na maandazi, mchana pilau ya nyama iliyokolea chumvi, kisha tukarudi kwenye viti kujifunza jinsi ya kuwaambia watu wengine wasile. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, nalisema hilo mapema mtu asije akadhani naibeza. Mashine ya kusafisha damu ilikuwa mbali, katika miji mikubwa, na mgonjwa alitakiwa kuifuata mara tatu kila wiki maisha yake yote. Mkulima wa Makuyuni au Dindira ukimwambia hivyo umemwambia ahame dunia. Kilichobaki kilikuwa kumsaidia aishi na hizo figo zake zilizochoka: apime maji anayokunywa, apunguze chumvi, aache magadi kwenye mboga, ale kwa akili. Mtu akikaa naye vizuri, akimsikiliza, anaweza kumwongezea miezi, hata miaka. Niliamini hivyo wakati ule na ninaamini hivyo leo.

Siku ya kwanza walitueleza habari ya potasiamu. Ni madini yaliyomo kwenye ndizi, viazi, maharage, machungwa, mboga za majani, yaani karibu kila kinachoota kwetu. Mtu mzima wa afya huyatoa kwa mkojo. Mgonjwa wa figo hayatoi, yanarundikana kwenye damu, na yakizidi yanausimamisha moyo bila hodi. Niliandika yote hayo kwenye daftari. Siku ya pili mratibu wetu, mwanamume nadhifu aliyevaa koti hata kwenye jua la Februari, akatuambia tusiyaseme. "Mtu wa kijijini ukimweleza mengi anachanganyikiwa," alisema, huku akifuta ubao. "Na ukimtajia moyo kusimama utamuua kwa hofu. Mpeni jambo la kufanya. Sababu ni zetu sisi." Tuliitikia kwa vichwa, wote, watoto wa wakulima tuliokuwa mle ndani. Hakuna aliyeuliza huyo mtu wa kijijini anayechanganyikiwa na sababu amewezaje kujua mbegu ipi ipandwe bondeni na ipi mlimani. Kisha akatugawia kila mmoja bango kitita, lile rundo la picha kubwa zilizofungwa juu ambalo mtoa elimu ya afya hulifunua ukurasa kwa ukurasa mbele ya watu. Ukurasa wa vyakula vinavyoruhusiwa ulikuwa na matufaha, zabibu na aina ya kabichi nyeupe ambayo sijaiona sokoni Korogwe mpaka hivi leo.

Mzee Mhina na mkewe, Mama Rehema, walikuwa kaya yangu ya kwanza. Mzee alikuwa amekata mkonge tangu ujana, mrefu, mikono imejaa makovu ya miiba, na miguu iliyovimba ameiweka juu ya kigoda kama vitu vya mtu mwingine alivyoombwa kuvitunza. Chumba chao cha mbele kilikuwa na kitanda kando ya dirisha linalotazama reli, kabati la vyombo lenye vioo, na kalenda ya mwaka uliokwisha pita ambayo Mama Rehema aliiacha kwa sababu alipenda picha yake ya maua. Treni ya mizigo ikipita, vikombe vilitetemeka kabatini na mazungumzo yalisimama hadi ipite, kisha Mzee aliendelea na neno lilelile alipoliachia. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani, akamwambia mkewe, "Wametuletea daktari wa darasa la saba." Nikamwambia nimemaliza kidato cha nne. "Basi umepona," akasema. Nilimpenda tangu siku ile. Nilipomwambia anywe vikombe vitatu tu kwa siku, kwa kikombe cha bati nilichokipima mwenyewe, alicheka mpaka akakohoa. "Mkonge hauombi maji na unastawi," alisema. "Nimeukata miaka thelathini, sasa na mimi nimekuwa mkonge."

Wiki iliyofuata nilifika kwenye ukurasa wa mapishi. Tulikuwa jikoni, Mama Rehema amekaa kwenye kibao, anamenya ndizi mbichi, binti yao Rehema, wa miaka kumi na mitatu, anachochea moto. Nilieleza kama nilivyofundishwa: kata vipande vidogo, loweka, chemsha kwa maji mengi, mimina yale maji, weka mengine, chemsha tena. Mama Rehema alinisikiliza kisu kikiwa kimesimama hewani. Akauliza, "Sasa yale maji ya kwanza yanatoa nini kwenye ndizi?" Nikamjibu, "Madini, mama. Madini yote yanatoka, yanabaki kwenye maji." Akauliza tena, na swali hili ninalo hadi leo: "Hayo madini si ndiyo tunayoambiwa kliniki kuwa ni mazuri?" Nilitazama saa yangu. Ziara moja ilitakiwa iwe ya dakika arobaini, na nilikuwa na nyumba mbili nyingine kabla ya kurudi Korogwe. Sababu, nilikuwa nimeambiwa, ni zetu sisi. "Mama," nikasema, "fanya tu kama bango linavyosema." Akasema, "Haya, mwanangu," akaendelea kumenya. Nikaweka alama ya vema kwenye fomu, kwenye kisanduku cha "ameelewa". Fomu ile ilikuwa na visanduku ukurasa mzima, wala haikuwa na mstari hata mmoja wa kuandika mgonjwa ameuliza nini.

Nilikwenda kwao kila wiki kwa miezi saba. Nimefanya kazi na wagonjwa wengi tangu hapo, na sijaona nyumba iliyoshika masharti kama ile. Magadi yalitolewa jikoni. Chumvi iliwekwa kwenye kopo juu ya kabati, na Mama Rehema naye aliacha kuila ili mumewe asile chakula cha peke yake. "Nitakulaje kitamu mbele yake?" aliniambia. "Si uchoyo huo?" Wageni walipokuja kumwona mgonjwa na machungwa, maana kwetu huendi kumtazama mgonjwa mikono mitupu, na mgonjwa naye lazima aonje mbele yako la sivyo umedharauliwa, yeye ndiye aliyepokea, akashukuru, akamega kipande kimoja akakiweka kwenye midomo ya Mzee, na Mzee akakilamba tu na kumrudishia kwa siri. Mgeni alitoka ameridhika. Hiyo haikuwa kwenye bango. Waliigundua wenyewe, mtu na mkewe, na nilipomsimulia mratibu nikitumaini tuwafundishe wengine, akaniuliza kama fomu za wiki zimekamilika. Mchana walinikaribisha bada, ule ugali wa muhogo, muhogo wenyewe umelowekwa na kumiminwa maji kama nilivyosema, na dagaa wasio na chumvi. Mzee alitafuna akinikazia macho. "Kula, daktari," aliniambia. "Usituachie sisi peke yetu adhabu yako." Tulicheka wote watatu, na Rehema akacheka mlangoni.

Kipimo cha damu cha mwezi wa tano kilirudi kutoka hospitali kikionyesha potasiamu imepanda. Cha mwezi wa sita kikapanda zaidi. Nikaambiwa nikawahoji, na hapo ndipo ninapoona haya. Nilikwenda nikakaa kwenye kiti kilekile, nikawauliza watu wazima walionizidi umri mara mbili kama wananificha kitu. Je, anakula ndizi zilizoiva? Hapana. Anakula maharage? Hapana, mwanangu. Ndizi mnachemsha mara mbili? Tunachemsha. Maji ya kwanza mnayamimina? Tunayamimina. Nilimwomba Mama Rehema anionyeshe kikombe, nikakipima tena. Vitatu, hakuzidisha. Mzee akasema taratibu, "Mke wangu hasemi uongo, binti." Hakuniita daktari. Nilirudi Korogwe nimenuna, nikaandika kwamba familia inaonekana kuficha ulaji wa siri. Nani alinipa haki ya kuandika hivyo? Nilijipa mwenyewe, kwa kalamu ya mradi.

Mzee alikufa mchana wa Ijumaa, akiwa ameshatawadha, anangoja adhana. Aliinama mbele, mkewe akadhani anatafuta kandambili. Siku ya tatu nilikwenda kutoa pole. Mama Rehema alikuwa chumbani, amejifunga nguo nyeupe, ameanza eda, miezi minne na siku kumi ambazo mjane hukaa ndani. Alinishika mkono akanisimulia wiki ya mwisho, namna wafiwa wanavyosimulia, kuanzia kilichopikwa. "Alikuwa hana hamu ya kula," akasema, "lakini maji yake ya ndizi hakuyakosa. Nilimpa mpaka asubuhi ile." Nikamuuliza, maji gani, mama? Akanieleza bila wasiwasi wowote. Yale maji ya kwanza alikuwa akiyamimina kwenye sufuria nyingine, anayaacha yapoe, na kati ya vikombe vitatu alivyoruhusiwa mumewe, viwili alivijaza hayo. Hakuzidisha kipimo. Rehema alipokuwa mchanga kadi yake ya uzito ilikuwa kwenye rangi nyekundu, akaonekana hatapona, na nesi wa zahanati akawafundisha kina mama kwamba maji yaliyochemshia mboga na ndizi hayamwagwi, kwani ndimo virutubisho vilimokimbilia, apewe mtoto. Alimpa. Mtoto akainuka. Sasa mimi nimekuja kumwambia madini yote yako kwenye maji, na mumewe anazidi kukonda. "Ningeyamwagaje, mwanangu?" akasema. "Wewe mwenyewe uliniambia nguvu yote imo mle."

Sikusema "nguvu". Nilisema "madini". Lakini kwa mwanamke aliyefundishwa na sisi wenyewe, watu wa afya, kwa miaka kumi na mitatu kwamba madini ni nguvu, kuna tofauti gani? Nesi yule alikuwa sahihi kwa mtoto mwenye figo nzima. Bango lilikuwa sahihi kwa mtu mwenye figo zilizochoka. Katikati yao palihitajika mtu mmoja wa kusema sentensi moja, kwa nini, na huyo mtu alikuwa mimi, na nilitazama saa.

Nilimweleza mratibu yote. Nilidhani, kwa ujinga wa ujana, kwamba ataita mkutano wa sisi washauri aseme tumekosea, kuanzia kesho tueleze sababu. Alisikiliza akitabasamu kama mtu aliyekuta kitambulisho chake kilichopotea. "Safi sana," akasema. "Tulikuwa hatuna maelezo ya kifo hiki." Akaandika kwenye ripoti: chanzo, familia kutozingatia ushauri. Akanisogezea kalamu. Nikasema, "Lakini bosi, yule mama aliuliza. Aliniuliza mimi." Akanijibu, "Na wewe ulimwambia afanye kama bango linavyosema. Alifanya?" Nikasaini. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, wahenga walisema. Sisi tulimnyonga na haki tukamnyima. Kisha akaniuliza huyo mama yukoje, anavaaje, kikombe ni cha namna gani, na mimi nikajibu kila swali. Baada ya mwezi mmoja bango kitita likaja na ukurasa mpya: mwanamke wa khanga anampa mgonjwa kitandani kikombe cha bati, dirisha nyuma yake, na juu ya picha nzima alama kubwa nyekundu ya kosa.

Ukurasa huo ulizinduliwa Mnyuzi, uwanjani, kwa kipaza sauti. Mratibu alihutubia, mimi nilifunua picha. Hakumtaja mtu jina, alijisifu kwa hilo baadaye, lakini watu walikwisha kuona kikombe na dirisha, wakaanza kugeuza shingo kuelekea nyumba ya reli. "Mapenzi bila elimu yanaua," sauti yake ilisema, ikapiga kwenye bati za nyumba ikarudi. Mama Rehema hakuwepo uwanjani kujitetea. Alikuwa kwenye eda, ndani, hatua chache tu kutoka pale, na hakuna ukuta wa udongo unaozuia kipaza sauti. Sijui kama mratibu alilifikiria hilo. Mimi nililifikiria, na bado nikafunua ukurasa.

Baada ya mkutano nilikwenda kwake. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha Mzee, kalenda ya maua bado ukutani. Hakulia. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya kitu sokoni, "Mwanangu Neema, ni mimi niliyemuua?" Hapo ndipo nilipotakiwa kusema: si wewe, mama, ni mimi, uliniuliza nikakukatisha. Maneno yalikuwepo, mepesi, hata mtoto angeyasema. Nikaogopa kazi yangu, nikamwogopa mratibu, nikaogopa zaidi uso wake akishajua. Nikamwambia, "Mama, ni mapenzi ya Mungu." Akaitikia, "Alhamdulillahi," akainamisha kichwa. Nilimtupia Mungu mzigo wangu, na mjane akaupokea kwa heshima. Kwa miezi iliyobaki ya mwaka ule nilibeba bango lile nyumba hadi nyumba, Makuyuni, Dindira, kila mahali, na nilipofika kwenye ukurasa wake watu walitikisa vichwa wakisema, wanawake wengine bwana. Mkataba ulipokwisha nilipewa cheti. Nilikwenda kusomea uuguzi, na kwa miaka yote hii nimekuwa mtu wa kueleza sababu mpaka wenzangu wananiambia nachelewesha foleni. Wananionea bure. Ila kurudi Mnyuzi kumaliza sentensi yangu moja, hilo sikulifanya. Nilimtumia salamu, sukari wakati wa Ramadhani, khanga wakati wa Idi.

Siku ya msiba wake, mchele ukiwa karibu kwisha kuchambuliwa, wanaume nao wamerudi kutoka makaburini, nilimfuata Mzee Bakari, mdogo wake Mzee Mhina, ambaye sasa ndiye msemaji wa ukoo. Nikamwomba nafasi ya kusema neno kuhusu marehemu. Akaniuliza neno gani. Nilipomweleza, alinisikiliza hadi mwisho, akapangusa macho yake kwa ncha ya kanzu, akasema, "Hayo ya zamani, mwanangu. Wote wawili wako udongoni. Utamfaidisha nani?" Nikaona hata yeye amechoka kuibeba ile aibu, na amechoka namna ya mtu asiyetaka kuguswa palipouma. Nikarudi mkekani, nikawaambia wale kina mama hivyohivyo, nimekaa, bila kipaza sauti. Niliwaambia ni mimi niliyefundisha, na niliulizwa, na nilikataa kujibu. Kwamba Mama Rehema alifuata kila neno nililompa. Ungo mmoja ulikuwa bado unapepetwa, ukasimama. Yule aliyenong'ona asubuhi akanigeukia. "Na umekuja kutuambia leo?" akasema. Nikasema ndiyo, leo.

Rehema alikuwa amesimama mlangoni pa jiko nyuma yangu, mwanamke mzima sasa, mtoto wake mgongoni, na sikujua amesimama hapo tangu lini. Akaja akachuchumaa mbele yangu. "Dada Neema," akasema, "mama uliwahi kumwambia haya?" Nikamwambia sijawahi. Akatikisa kichwa polepole, akaanza kukunja pembe ya mkeka na kuikunjua.

"Alikuwa akiniuliza," akasema. "Miaka yote hii, kila tukipika ndizi. Ananiuliza, Rehema, ni mimi? Na mimi, dada, nilikuwa nanyamaza, kwa sababu hadi leo nilijua ni yeye."